Costa Rica: nchi iliyovunja jeshi lake, na bei inayolipa hadi leo

Katikati ya San José, mji mkuu wa Costa Rica, kuna ngome ya zamani inayoitwa Bellavista. Kwenye kuta zake bado yanaonekana matundu ya risasi zilizopigwa kunako mwaka wa 1948, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Zamani ilikuwa kambi ya askari. Leo ni Makumbusho ya Taifa, na mgeni anayeingia anapokelewa na bustani ya vipepeo.

Ni hapo, tarehe mosi Desemba 1948, José Figueres Ferrer aliposhika nyundo kubwa na kupiga ukuta wa ngome mbele ya watu. Figueres alikuwa mkuu wa serikali ya mpito, na alikuwa ameshinda vita miezi michache tu nyuma. Siku hiyo alitangaza kwamba jeshi la Costa Rica limevunjwa na kwamba kambi ile itakuwa nyumba ya makumbusho.

Anayesoma habari hii akiwa Goma, Bukavu, Beni ama Bunia anaweza kuanza kwa kucheka. Nchi bila jeshi? Na adui akivuka mpaka? Wakaaji wa Costa Rica walijiuliza swali hilo hilo, na halikukawia kuja mlangoni: siku kumi hivi baada ya nyundo ile, wapiganaji wenye silaha waliingia nchini wakitokea kwa jirani.

Nchi haikuanguka. Zaidi ya miaka 75 imepita na Costa Rica bado haina jeshi. Haijapinduliwa, na kila miaka minne raia wake wanachagua rais. Lakini hadithi yake si ya malaika. Ni hadithi ya hesabu za kisiasa, mikataba, mahakama, bahati, na siku hizi hofu mpya ambayo haivai sare.

Vita vya siku 44

Costa Rica iko Amerika ya Kati, kati ya Nicaragua na Panama. Eneo lake ni kilomita za mraba 51,100, maana yake ni ndogo kuliko jimbo la Kivu ya Kaskazini. Leo ina watu wanaozidi kidogo milioni 5. Mwaka wa 1948 walikuwa kama 800,000 tu.

Mwezi wa Februari mwaka huo, wagombea wawili walipambana kwenye uchaguzi wa rais. Mmoja alikuwa Otilio Ulate, mwenye gazeti. Mwingine alikuwa Rafael Ángel Calderón Guardia, daktari aliyekwisha kuongoza nchi tangu 1940 hadi 1944 na aliyetaka kurudi madarakani. Ulate alitangazwa mshindi. Tarehe mosi Machi, bunge lililokuwa mikononi mwa watu wa Calderón likafuta matokeo.

Siku kumi na moja baadaye vita vilianza. Figueres, mkulima mwenye shamba kubwa milimani, alikuwa amekusanya watu na kuingiza silaha kutoka nje. Jeshi la serikali lilikuwa dogo na dhaifu, hata serikali ikawategemea wanamgambo wa chama cha kikomunisti, wengi wao wafanyakazi wa mashamba ya ndizi. Vita vilidumu siku 44. Inakadiriwa kwamba watu kama 2,000 walikufa, idadi nzito sana kwa nchi yenye watu wachache vile.

Si rahisi kuwagawa watu wa vita hivyo kuwa wazuri na wabaya. Calderón, ambaye upande wake ulifuta uchaguzi, ndiye aliyeanzisha shirika la bima ya afya na uzee mwaka wa 1941, na chini yake nchi ilipata sheria ya kulinda wafanyakazi mwaka wa 1943. Figueres, aliyesema anatetea kura za raia, alitumia bunduki kuingia San José.

Mshindi avunja jeshi lake mwenyewe

Mei 1948 Figueres alichukua madaraka kwa muda wa miezi 18. Nyuma yake alikuwa na jeshi lililoshinda, lililojiita Jeshi la Ukombozi wa Taifa.

Sisi tunajua ni nini hufuata kwa kawaida. Wapiganaji wa mshindi wanavaa sare za serikali. Makamanda wa msituni wanaamka na nyota mabegani. Walioshindwa wanakimbia, wanajipanga upya ng'ambo ya mpaka, na baada ya miaka michache wanarudi kudai zamu yao.

Figueres alifanya kinyume. Hakuvunja jeshi la walioshindwa peke yake ili aweke lake mahali pake. Alitangaza kwamba nchi haitakuwa tena na jeshi la kudumu, la nani wala nani, na usalama utabaki kazi ya polisi. Hapo ndipo uamuzi wa Costa Rica unapotofautiana na ushindi mwingine mwingi: mshindi alijinyang'anya mwenyewe ngazi aliyopandia.

Kwa nini? Wanahistoria wa nchi hiyo wanataja sababu zaidi ya moja, na si zote za huruma. Kwanza, nchi ilikumbuka Januari 1917, pale waziri wa vita Federico Tinoco alipompindua rais na kutawala kwa mkono wa chuma. Mwezi wa Juni 1919 waalimu na wanafunzi waliandamana San José na kuchoma jengo la gazeti lililomtetea. Tinoco aliondoka miezi miwili baadaye, na tangu hapo heshima ya jeshi ilishuka mwaka kwa mwaka. Pili, Figueres aliona hatari karibu: jeshi la zamani lingeweza kumgeuka, na hata jeshi jipya lingeweza kumgeuka. Huko Nicaragua, jenerali Anastasio Somoza alikuwa ameingia madarakani akitumia cheo chake cha mkuu wa walinzi wa taifa. Tatu, hazina ilikuwa tupu, na serikali mpya ilikuwa na mipango mikubwa.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Tarehe 2 Aprili 1949, waziri wa usalama Edgar Cardona, ambaye mwenyewe alikuwa ameunga mkono kuvunjwa kwa jeshi, aliteka kambi mjini San José na kujaribu kubadilisha serikali kwa nguvu. Alikasirishwa, pamoja na mengine, na uamuzi wa kutaifisha benki na kodi ya asilimia 10 juu ya mali za matajiri. Jaribio lake lilizimwa haraka. Kama angekuwa na jeshi kamili chini yake, pengine leo tusingekuwa na habari ya kuandika.

Lazima pia kusema upande wa giza. Serikali ile ile iliyovunja jeshi ilipiga marufuku chama cha kikomunisti na kuwafunga wapinzani wake. Tarehe 19 Desemba 1948, siku 18 tu baada ya sherehe ya Bellavista, wafungwa sita wa upande ulioshindwa waliuawa mahali panapoitwa Codo del Diablo, kando ya reli ya kwenda Limón. Kuondoa jeshi hakukuondoa chuki kwa siku moja.

Lakini kuna jambo jingine lililokamilisha kazi ya nyundo. Tarehe 8 Novemba 1949, Figueres alimkabidhi madaraka Ulate, yule aliyeshinda uchaguzi uliofutwa. Alipotaka kurudi ikulu, alirudi kwa kura: mwaka wa 1953, na tena mwaka wa 1970.

Adui avuka mpaka

Turudi kwenye swali la mpaka. Desemba 1948, wafuasi wa Calderón waliokuwa wamekimbilia Nicaragua waliingia kaskazini mwa Costa Rica wakiwa na silaha. Serikali ilikusanya watu wa kujitolea na kuwapeleka mpakani. Wakati huo huo ilibisha mlango mwingine: Shirika la Nchi za Amerika (OEA).

Kulikuwa na mkataba wa nchi za bara hilo, uliotiwa sahihi Rio de Janeiro mwaka wa 1947, unaosema kwamba kushambulia nchi moja ni kuzishambulia zote. Mkataba huo ulianza kutumika Desemba 1948, siku chache tu baada ya jeshi kuvunjwa na siku chache kabla ya uvamizi. OEA ilituma tume kuchunguza, Nicaragua ikabanwa, na Februari 1949 nchi hizo mbili zilitia sahihi mapatano ya urafiki.

Mambo yalirudi Januari 1955, Figueres akiwa rais aliyechaguliwa. Wapiganaji waliingia tena kutoka Nicaragua, safari hii wakiwa na ndege. OEA ilituma wachunguzi tena, na Marekani ikaiuzia Costa Rica ndege nne za kivita aina ya Mustang kwa bei ya dola moja kila ndege. Uvamizi ulikwisha.

Tuseme ukweli wote: Costa Rica haikulindwa na sala. Ililindwa na mkataba, na nyuma ya mkataba ule ilisimama Marekani, ambayo haikutaka vita vingine katika eneo lake. Anayeisifu nchi hii bila kutaja mwavuli huo anasimulia nusu ya habari.

Kifungu cha 12

Tangazo la kiongozi mmoja linaweza kufutwa na kiongozi mwingine. Kwa hiyo katiba iliyopitishwa tarehe 7 Novemba 1949 iliandika uamuzi huo katika kifungu chake cha 12. Kifungu hicho kinakataza jeshi kama taasisi ya kudumu. Kinaruhusu polisi wanaohitajika kulinda utulivu. Kinasema vikosi vya kijeshi vinaweza kuundwa tu kwa mapatano ya bara la Amerika ama kwa kulinda taifa, na vyovyote vitakavyokuwa, vitabaki chini ya raia na havitakuwa na haki ya kutoa matamko ya kisiasa.

Mlango wa kujilinda, basi, haukufungwa kabisa. Kilichofungwa ni mlango wa kambi kuingia ikulu.

Katiba hiyo iliweka pia mahakama kuu ya uchaguzi yenye nguvu sana. Wakati wa uchaguzi, mahakama hiyo ndiyo inayotoa amri kwa polisi katika mambo yanayohusu kura, si rais. Kwa nchi iliyoingia vitani kwa sababu ya matokeo yaliyofutwa, hiyo ilikuwa dawa ya ugonjwa wenyewe. Wengi wanakumbuka nyundo na kusahau mahakama hii, lakini moja bila nyingine isingetosha.

Pesa zilikwenda wapi?

Raia wengi wa Costa Rica hujibu swali hili kwa kifupi: zilikwenda shuleni na hospitalini. Jibu hilo ni kweli kwa sehemu.

Jeshi la 1948 lilikuwa dogo, kwa hiyo siku ile hazikupatikana pesa za ajabu. Faida kubwa ilikuja polepole. Miaka ya 1960, 1970 na 1980, majirani walipokuwa wakinunua bunduki na ndege, Costa Rica haikuwa na bili hiyo ya kulipa. Shirika la umeme la taifa lilianzishwa mwaka wa 1949, na leo karibu umeme wote wa nchi unatoka kwenye mito, upepo, joto la ardhini na jua. Shirika la bima ya afya liliendelea kupanuka, hospitali za umma zikawekwa chini yake, na kuanzia miaka ya 1990 timu ndogo za daktari na wauguzi ziligawanywa katika mitaa na vijiji. Maisha ya mtu wa Costa Rica sasa hufikia wastani wa miaka 80 hivi, sawa na nchi zilizo tajiri kuliko yake.

Katiba ya 1949 pia iliwapa wanawake haki ya kupiga kura, na watu weusi wa pwani ya Limón, ambao wazazi wao walitoka Jamaica kujenga reli na kulima ndizi, walipata njia ya kuwa raia kamili.

Lakini shule hazikuzaliwa na kuvunjwa kwa jeshi. Elimu ya msingi ilikuwa bure na ya lazima tangu mwaka wa 1869, na bima ya afya ilikuja miaka saba kabla ya nyundo. Kwa maneno mengine, Costa Rica haikuvunja jeshi ndipo ikajenga dola. Ilikuwa na shule, wakulima wa kahawa wenye mashamba yao na mazoea ya kupiga kura. Ndiyo maana ilipoliondoa jeshi, nyumba haikuanguka.

Wala haitimizi yote inayoyaandika. Tangu 2011 katiba inadai asilimia 8 ya pato la taifa iende kwenye elimu. Serikali hazijafika hapo, na kila mwaka vyama vya waalimu na wanafunzi hudai deni hilo.

Majirani wakiwaka moto

Mtihani mkubwa ulikuja miaka ya 1980. Nicaragua, El Salvador na Guatemala zilikuwa vitani. Wapiganaji wa Kontra, waliopinga serikali ya Nicaragua na kusaidiwa na Marekani, walitumia kaskazini mwa Costa Rica kama maficho. Rais Luis Alberto Monge alitangaza mwaka wa 1983 kwamba nchi yake haitaegemea upande wowote, lakini alibanwa huku na huku: alihitaji pesa za Marekani kuokoa uchumi, na Marekani ilihitaji ardhi yake.

Óscar Arias, aliyechaguliwa mwaka wa 1986, aligundua uwanja wa ndege wa siri uliojengwa Santa Elena, karibu na Nicaragua, kwa ajili ya kupeleka silaha kwa Kontra. Aliamuru ufungwe. Kisha akawapelekea marais wenzake mpango wa amani. Tarehe 7 Agosti 1987, marais watano wa Amerika ya Kati walitia sahihi mapatano huko Guatemala, na mwaka huo Arias alipewa tuzo ya Nobel ya amani.

Nguvu ya Arias katika mazungumzo yale ilikuwa ya ajabu kidogo: hakuna aliyeweza kumshuku kwamba anatafuta amani ili apate nafasi ya kujipanga kivita. Hakuwa na kikosi cha kujipanga nacho.

La Haye badala ya mizinga

Oktoba 2010 Nicaragua ilipeleka wanajeshi kwenye kipande cha ardhi yenye maji kinachoitwa Isla Portillos, kwenye mdomo wa mto San Juan, ambapo ilikuwa inachimba mfereji. Costa Rica ilisema ni ardhi yake. Ilituma polisi wake karibu na eneo hilo, ikalalamika OEA, na mwezi uliofuata ikaenda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko La Haye, Uholanzi.

Ilichukua miaka mitano. Tarehe 16 Desemba 2015 majaji waliamua kwamba ardhi ile ni ya Costa Rica. Hukumu hiyo hiyo iliilaumu Costa Rica pia, kwa kujenga barabara kando ya mto bila kuchunguza kwanza madhara kwa mazingira. Tarehe 2 Februari 2018 mahakama iliiamuru Nicaragua ilipe dola 378,890 na senti kadhaa, na sehemu ya pesa hizo ilikuwa fidia ya miti na ardhi iliyoharibiwa. Nicaragua ililipa.

Hapa ndipo habari ya Costa Rica inapokutana na yetu. Mahakama hiyo ndiyo iliyohukumu kesi ya Kongo dhidi ya Uganda. Kongo ilishitaki mwaka wa 1999. Hukumu ilitoka tarehe 19 Desemba 2005, na fidia iliamuliwa tarehe 9 Februari 2022: dola milioni 325, za kulipwa kwa awamu tano. Katika kupima hasara ya Kongo, majaji walirejea mara kadhaa hukumu yao ya 2018 juu ya Costa Rica na Nicaragua. Msitu mdogo wa pembeni mwa mto San Juan uliwasaidia kutafuta namna ya kupima hasara ya Ituri na Kisangani.

Lakini kesi hizo mbili zinaonyesha pia mpaka wa mahakama. Mfereji ulisimamishwa kwa amri ya majaji. Kwa Kongo, majaji walitoa amri mwezi wa Julai 2000, wakati Kisangani ilikuwa imekwisha kuzika wafu wake. Karatasi ya La Haye ina nguvu pale ambapo jirani anaogopa aibu ama kupoteza marafiki wakubwa. Asipoogopa, karatasi inachelewa.

Haiti: nyundo bila nyumba

Costa Rica si peke yake. Panama ilivunja jeshi lake mwaka wa 1990, baada ya Marekani kuivamia, na kuliandika hilo katika katiba mwaka wa 1994. Afrika pia ina mfano: Kisiwa cha Morisi hakina jeshi la kudumu tangu uhuru wake mwaka wa 1968, kina polisi na kikosi chao maalum.

Lakini Haiti ni onyo. Mwaka wa 1995 rais Jean-Bertrand Aristide, aliyekuwa amepinduliwa na jeshi, alilivunja jeshi hilo. Askari wengi walibaki bila kazi na bila matumaini, silaha nyingi zikabaki mikononi mwa watu. Mwaka wa 2004 askari wa zamani walikuwa kati ya waasi waliomfukuza Aristide. Jeshi lilirudishwa mwaka wa 2017, bila kuzuia makundi ya wahalifu kuteka sehemu kubwa ya mji mkuu, hadi polisi wa Kenya walipotua Port-au-Prince mwezi wa Juni 2024 wakiongoza kikosi cha nchi mbalimbali.

Uamuzi ulikuwa ule ule, matokeo mbalimbali. Costa Rica iliondoa jeshi pale palipokuwa na polisi, mahakama, shule na kura inayoheshimiwa. Haiti iliondoa jeshi, na nyuma yake palibaki pengo.

Adui asiyevaa sare

Leo swali la usalama limerudi San José kwa sura mpya. Kokeini kutoka Amerika ya Kusini inapita Costa Rica ikielekea Marekani na Ulaya, sehemu yake ndani ya makontena ya bandari za Limón na Moín. Makundi yanapigania njia na mitaa. Mwaka wa 2023 zaidi ya watu 900 waliuawa, idadi ambayo nchi hiyo haikuwahi kuiona. Mwaka wa 2025 katiba ilibadilishwa ili kuruhusu raia washitakiwa wa biashara hiyo kupelekwa kuhukumiwa nje. Hata kompyuta za serikali zilishambuliwa: Aprili 2022 wahalifu wa mitandao walifunga mifumo ya wizara ya fedha na taasisi nyingine, na rais Rodrigo Chaves akatangaza hali ya dharura mwezi uliofuata.

Kwenye bahari, Costa Rica inategemea doria za pamoja na Marekani. Bunge lazima litoe ruhusa ili meli za kivita za kigeni ziingie, na mwaka wa 2010 ruhusa hiyo ilizusha makelele makubwa: nchi isiyo na jeshi, waliuliza wapinzani, inafungulia bandari jeshi la nani?

Hata hivyo, hakuna chama kikubwa kinachodai jeshi lirudi. Mwaka wa 2004 mahakama ya katiba iliamua kwamba serikali ilivunja katiba ilipoiweka nchi kwenye orodha ya waliounga mkono vita vya Irak. Kesi hiyo ilifunguliwa na mwanafunzi wa sheria. Na tangu 2020, tarehe mosi Desemba ni sikukuu ya taifa.

Na sisi?

Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kuwaambia wakaaji wa Kivu na Ituri kwamba dawa yao ni kuwatuma FARDC nyumbani kesho asubuhi. Kongo ina majirani tisa, kilomita za mraba zaidi ya milioni mbili, madini ambayo dunia nzima inayataka, na makundi yenye silaha yasiyohesabika kirahisi. Haina mwavuli kama ule wa Rio. Mfano wa Haiti unatosha kutuonya.

Lakini kuna sehemu ya habari hii inayotuhusu moja kwa moja. Tangu mapatano ya Pretoria ya Desemba 2002, amani nyingi za kwetu zimeandikwa kwa kugawa vyeo. Aliyekuja na wapiganaji wengi alipata nafasi kubwa. Mapatano ya tarehe 23 Machi 2009 yaliwaingiza wapiganaji wa CNDP jeshini. Mwaka wa 2012 sehemu yao iliasi na kuchukua tarehe hiyo kama jina: M23. Kijana aliyekua akitazama hayo amejifunza somo moja, kwamba bunduki ni diploma. Wengine wamesoma miaka mitano chuoni na hawana kazi, na mwenzao aliyeingia msituni ametoka akiwa kanali.

Somo hilo ndilo Figueres alilolifuta. Aliwaambia walioshindwa, na pia wale waliompigania, kwamba bunduki haitakuwa tena njia ya kupata ofisi, mshahara ama heshima. Kisha akatoka mwenyewe madarakani kwa tarehe iliyopangwa. Hilo halihitaji kuvunja jeshi. Linahitaji mapatano ya amani yasiyogawa nyota, askari anayelipwa na kuhukumiwa kama raia mwingine, na kura ambayo aliyeshindwa anaikubali na aliyeshinda haiibi.

Kwenye meza za mazungumzo, swali linaloulizwa sana ni nani atapewa nini. Costa Rica ya 1948 ilianza na swali lingine: nani yuko tayari kuachilia nini? Na wa kwanza kujibu alikuwa mshindi.